Ari ya Wafanyakazi na Matokeo ya Taasisi: Namna ya Kuipima na Kuipandisha Unguja na Pemba

Hoteli ya vyumba 20 Kiwengwa, ghala la mwani Jambiani, skuli binafsi Chake Chake na idara ya serikali mjini zinaweza kuwa na tatizo moja: mishahara inatoka kamili, kazi inatoka nusu. Kauli inayokuja haraka ni kwamba watu hawana ari. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kuagiza fulana na kuandaa hafla ya mfanyakazi bora, hakikisha kwanza kuwa kilichopungua ni ari na si kitu kingine.

Kazi ya mtu hutokana na mambo matatu: kuweza, kutaka na kuwezeshwa. Haya matatu huzidishana, hayajumlishwi. Moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri. Msafisha vyumba hodari na mwenye hamu ya kazi, akiletewa mashuka saa saba na nusu mchana kwa sababu mashine ya kufulia ni moja na umeme ulikatika asubuhi, hawezi kukabidhi vyumba saa nane wageni wanapoingia. Ukimkalisha umpe nasaha siku hiyo, utakuwa umemdhulumu. Kwa kila kazi inayosuasua jiulize: mtu huyu akiahidiwa mshahara mara mbili kuanzia kesho, ataweza kuifanya inavyotakiwa? Jibu likiwa hapana, tafuta vifaa, mafunzo au mpangilio mpya. Likiwa ndiyo, suala ni ari, na mwongozo huu unakuhusu.

Namba nne za kuanzia

Ari yenyewe haihesabiki, ila athari zake zinahesabika, na daftari la kawaida linatosha. Rudi nyuma miezi mitatu uandike namba nne.

Ya kwanza ni utoro. Hesabu siku zilizokosekana bila ruhusa, ugawe kwa idadi ya wafanyakazi mara siku za kazi za mwezi, kisha uzidishe kwa 100. Wafanyakazi 24 kwa siku 26 ni siku 624. Zikikosekana 31, utoro ni karibu asilimia 5. Tafsiri yake ni kwamba kila siku unamlipa mtu mmoja na ziada ambaye hayupo, na mzigo wake wanaubeba waliokuja. Hao waliokuja ndio ari yao itakayoanguka baadaye, kwa hiyo utoro usioshughulikiwa huzaa utoro mwengine. Siku za ugonjwa wenye cheti na za msiba ziandikwe safu yake. Ukizichanganya na utoro utawaonea watu.

Ya pili ni walioacha kazi wenyewe. Gawa idadi yao kwa wastani wa wafanyakazi wa kipindi hicho, mara 100. Waliosimamishwa kwa sababu msimu umekwisha wasiingie humu. Watu wengi huipuuza namba hii kwa dhana kwamba vijana wanaotafuta kazi ni wengi, basi aliyeondoka atapata mrithi kesho. Mrithi atapatikana, lakini ana gharama. Chukulia mhudumu wa mapokezi anayelipwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Atakayeshika nafasi yake mwezi wa kwanza hutoa nusu ya kazi, wa pili robo tatu: hapo tayari umelipa 250,000 na 125,000 bila kazi. Mwenzake anayemfundisha anatumia saa moja kwa siku kwa siku 26. Ukigawa 500,000 kwa saa 208 za mwezi unapata kama 2,400 kwa saa, yaani 62,400. Wasimamizi wawili wakitumia saa sita kila mmoja kusoma barua za maombi na kufanya usaili, kwa 4,000 kwa saa, ni 48,000. Jumla 485,400, karibu mshahara wa mwezi mzima, na bado hujahesabu mgeni aliyepewa chumba ambacho hakijasafishwa.

Ya tatu ni kazi inayorudiwa: vyumba vilivyokataliwa katika ukaguzi wa kwanza, kilo za mwani zilizorudishwa kwa unyevu au mchanga, vipindi vilivyopita bila mwalimu darasani, majalada yaliyorudi kwa sababu ya kiambatisho kilichosahauliwa.

Ya nne haiandikwi na wengi, nayo ndiyo inayotoa habari mapema kuliko zote: idadi ya taarifa na mapendekezo yanayotoka kwa wafanyakazi wenyewe. Mtu aliyekata tamaa haachi kazi siku hiyo hiyo. Huanza kwa kuacha kusema. Anaona bomba linavuja chumba namba 7, anapita. Anaona karatasi za mashine ya kunakili zimebaki bunda moja, ananyamaza. Weka daftari la hitilafu mahali pa wazi na uhesabu maandishi kwa wiki. Yakipungua ghafla na jengo ni lile lile, chunguza watu kabla ya kuchunguza mabomba.

Ondoa kwanza kinachokatisha tamaa

Katika miaka ya 1950 Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani, kuhusu nyakati walizoipenda kazi na nyakati walizoichukia. Waligundua kuwa mambo yanayomchukiza mtu si kinyume tu cha yale yanayompa hamu. Mshahara, kanuni, usimamizi na mazingira vikiwa vibaya huleta chuki. Vikirekebishwa, chuki huondoka, lakini hamu haiji kwa hayo peke yake. Hamu huletwa na kufanikiwa, kutambuliwa, kuaminiwa na kazi yenyewe. Wataalamu wamebishana sana na matokeo hayo, hasa kuhusu mahali pa kuweka mshahara. Kwa meneja, faida yake ni ya mfuatano: zawadi iliyowekwa juu ya dhuluma haifanyi kazi. Mfanyakazi ambaye mshahara wake wa mwezi uliopita haujaingia, ukimpa cheti cha pongezi, atakitazama kama kejeli.

Kwa hiyo kagua mambo haya, na usiende mbele mpaka yamekaa sawa.

Tarehe ya mshahara. Chagua tarehe moja, iandike kwenye mkataba, uitimize. Mshahara wa 400,000 unaoingia tarehe 28 kila mwezi unashikilia watu kuliko wa 450,000 unaoingia siku yoyote kati ya tarehe 1 na 15, kwa sababu kodi ya nyumba na deni la dukani vina tarehe. Fedha zikichelewa kweli, tangaza kabla ya tarehe, si baada yake, na utaje siku mpya utakayoweza kuitimiza. Idd ikiangukia mwisho wa mwezi, lipa siku tano au zaidi kabla; nguo za watoto hazinunuliwi usiku wa mwezi kuandama.

Makato. Kila mtu apate hati ya mshahara inayoonesha kila kilichokatwa na kimeenda wapi. Michango ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) iliyokatwa lakini haikupelekwa ni katika mambo yanayovunja imani moja kwa moja, kwani mwanachama anaweza kwenda mwenyewe kuangalia michango yake, na habari ya mmoja hufika kwa wote kabla ya magharibi. Makato ya vyombo vilivyovunjika, kama yapo, yawe yamekubaliwa kwa maandishi na kwa kiwango kinachojulikana. Kumkata mtu kwa glasi ambayo haijulikani nani kaivunja kunawafanya wote wafiche vinavyovunjika. Mambo ya mikataba, likizo na malipo yanaongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 ya Zanzibar. Penye shaka, waulize Kamisheni ya Kazi kabla ya kukata.

Zamu. Ibandikwe siku saba kabla. Zamu inayobadilishwa usiku kwa ujumbe wa simu inavuruga usafiri, malezi ya watoto na shamba. Hesabu pia nani anapewa usiku na nani anapewa Ijumaa. Msimamizi anayewapangia jamaa zake zamu nyepesi huwa hajui kwamba wenzao wanahesabu, na wanahesabu vizuri kuliko yeye.

Usawa. Mtu hapimi malipo yake kwa namba tu. Huyapima kwa kujilinganisha. Mwenyeji wa kijijini, aliyetoka Tanzania Bara na aliyetoka nje ya nchi, wakifanya kazi moja kwa mishahara mitatu tofauti, tofauti hiyo iwe na sababu inayoweza kutamkwa mbele ya wote: vyeti, lugha, miaka kazini, wajibu. Sababu isiyotamkika ni dalili kwamba tofauti yenyewe haifai, na dawa yake ni kuirekebisha, si kuificha.

Hapa mshahara una nguvu kubwa kuliko baadhi ya vitabu vinavyokiri. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Ford kilikuwa na mzunguko wa wafanyakazi wa asilimia 370, yaani kubakisha watu 100 kazini kulihitaji kuajiri kama 370 kwa mwaka. Januari 1914 Ford alitangaza malipo ya hadi dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya awali, na kupunguza saa za kazi kutoka 9 hadi 8. Mwaka huo mzunguko ulishuka hadi asilimia 54. Kazi yenyewe haikuwa tamu zaidi, ila kuiacha kulikuwa na hasara.

Lengo linaloeleweka

Baada ya kero kuondoka, kinachopandisha kazi kwa gharama ndogo kabisa ni lengo lililo wazi. Gary Latham na mwenzake, katika utafiti uliochapishwa 1975, waliwakuta madereva wa malori ya magogo Marekani wakipakia kama asilimia 60 ya uzito unaoruhusiwa, ingawa walikuwa wameambiwa wafanye wawezavyo. Wakapewa lengo moja: asilimia 94. Ndani ya miezi tisa upakiaji ulipita asilimia 90, bila malipo ya ziada. "Jitahidini" si lengo, kwa sababu kila mtu hujitafsiria.

Lengo zuri lina kiasi, ubora na muda. Ghalani: magunia 40 ya mwani yaliyofungwa kwa siku, yasizidi mawili yatakayorudishwa kwa mchanga. Vyumbani: vyumba 10 kwa mtu mmoja kabla ya saa nane, tisa vikubaliwe katika ukaguzi wa kwanza. Skuli: madaftari ya darasa yarudi kwa wanafunzi ndani ya siku tatu. Idarani: ombi lililokamilika lijibiwe ndani ya siku saba za kazi. Namba usiitoe kichwani. Chukua wastani wa wiki nne, ongeza asilimia 10 hadi 15, kisha kaa na wanaofanya kazi hiyo muulizane nini kitazuia. Wakikwambia toroli ni moja, nunua toroli la pili kwanza. Lengo lisilofikika, watu huliacha ndani ya wiki mbili na hawaliamini linalofuata.

Matokeo yaandikwe kila siku ubaoni kwa kikundi, si kwa majina. Namba ya jana ikionekana leo asubuhi, watu hujirekebisha wenyewe. Ikija mwisho wa mwezi inakuwa hukumu.

Kulipa kwa matokeo bila kuharibu kazi

Hapa ndipo taasisi nyingi hujikwaa, na mfano upo juu ya mikarafuu. Mchumaji analipwa kwa pishi au kwa kilo. Akilipwa kwa uzito tu, njia ya haraka ni kuvunja matawi na kuchambulia chini, kuchuma changa na zilizokwisha kufunguka pamoja, na kuacha makonyo (vijiti vya karafuu) ndani. Kwa siku moja uzito unapanda. Kwa mwenye shamba, daraja la karafuu linashuka na mti uliovunjwa hautazaa vizuri msimu ujao. Mchumaji hakukosa ari. Anayo tele, na imekwenda pale ilipoelekezwa na malipo.

Marekebisho ni kubadili kinachopimwa. Pima baada ya kuchambua, siyo kabla. Msimamizi aukague mti kabla ya kamba na ngazi kuhamishwa, na uwepo ujira wa nyongeza kwa mti ulioachwa mzima. Ujira wa msingi usiwe mdogo kiasi kwamba mtu lazima aharakishe ili ale.

Edward Lazear alionesha pande zote mbili katika uchunguzi wa kampuni ya kuweka vioo vya magari Marekani, uliochapishwa mwaka 2000. Kampuni ilipohama kutoka malipo ya saa kwenda malipo ya kioo, kazi kwa kila mfanyakazi ilipanda asilimia 44. Karibu nusu ilitokana na watu wale wale kuongeza bidii. Nyingine hasa ilitokana na hodari kuvutwa na mpango huo. Ubora ulilindwa kwa sharti moja: kioo kibovu anakirudia aliyekiweka, kwa muda wake. Pasipo sharti la aina hiyo, malipo ya idadi hununua idadi tu.

Kwa kanuni hiyo, malipo ya idadi yanafaa pale kazi ya mmoja inapotenganishika na ya mwenzake na ubora unakaguliwa papo hapo: kuchuma, kufunga magunia, kushona, kufua. Hayafai jikoni, darasani wala mapokezi. Mwalimu anayelipwa kwa idadi ya waliofaulu atawaacha dhaifu na kuwakaririsha wengine majibu ya mitihani iliyopita.

Kwenye hoteli kinachofaa zaidi ni mgao wa pesa ya huduma na bakshishi za kwenye sanduku, ukigawanywa kwa alama zinazojulikana. Mfano wa wafanyakazi 25: wahudumu wa mkahawa 6, jikoni 5, vyumba 6 na mapokezi 3, kila mmoja alama 3, bustani na ulinzi 5, kila mmoja alama 2. Hiyo ni 18, 15, 18, 9 na 10, jumla alama 70. Sanduku likiwa na shilingi 2,100,000, alama moja ni 30,000. Mwenye alama 3 anapata 90,000, mwenye 2 anapata 60,000. Aliyefanya siku pungufu, alama zake zipunguzwe kabla ya kugawanya, ili sehemu yake irudi kwa waliomshikia kazi na isibaki mkononi mwa meneja. Sanduku lifunguliwe mbele ya wawakilishi wawili waliochaguliwa na wenzao, namba ibandikwe siku hiyo hiyo, na meneja asiwemo katika mgao. Wapishi wakiachwa nje, chakula kitachelewa kwa mhudumu wanayemwonea wivu, na mgeni hatajua kwa nini.

Tuzo ya mfanyakazi bora wa mwezi iangalie kwa makini. Anapata mmoja, wanakosa 24, na penye watu wanaoishi mtaa mmoja na kuoana, huzaa husda au huishia kuwa zamu: mwezi huu wewe, ujao mimi. Ukitaka kutoa tuzo, weka kiwango ambacho yeyote akikifikia anapata, hata wakiwa kumi.

Kalenda ya hapa

Ratiba zinazoandikwa kwa ajili ya miji ya mbali hazijui bamvua wala mwezi mtukufu, na ukizifuata kibubusa utaita utoro kile ambacho ni maisha ya watu.

Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, wanawake wengi wana mashamba ya mwani. Wakati wa bamvua, mara mbili kwa mwezi mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu, maji hukupwa sana karibu saa nne asubuhi, na hizo ni siku chache tu za kufunga mbegu na kuvuna. Ukimwajiri mwenye shamba na kumpangia zamu ya asubuhi siku zote, atakosa kazini siku zile zile kila mwezi. Chukua jedwali la maji, mpe zamu ya mchana siku hizo, naye afidie siku za maji mafu, yasipokupwa sana. Utoro huo utakwisha bila barua ya onyo hata moja.

Pemba, msimu wa karafuu ukiwa mkubwa, kila familia inahitaji mikono. Pokea maombi ya likizo mapema, gawa kwa makundi mawili ya wiki mbili, na atakayekosa mwaka huu awe wa kwanza mwakani.

Ramadhani hubadilisha nguvu ya siku. Kazi nzito kama kusafisha bwawa, kubeba magodoro na kupakia magari zifanyike kabla ya saa tano asubuhi. Jikoni awepo mtu asiyefunga wa kuonja, au mapishi yapimwe kwa kijiko na mizani badala ya ulimi. Zamu ya mchana imalizike mapema kiasi cha mtu kufika nyumbani kabla ya adhana, kwani gari za abiria hupungua jioni. Kwa walio zamu ya jioni, chakula cha wageni huanza wakati ule ule wa kufuturu. Gawa timu mafungu mawili, la kwanza lifungue kwa tende, maji na uji adhana inapolia, la pili baada ya dakika 15. Futari hii itolewe na mwajiri. Gharama yake ni ndogo, na kuikosa hukumbukwa mwaka mzima. Kwa kuwa Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, inakuja katikati ya msimu mkubwa wa wageni: mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani kuanzia Januari, na nyingine itaanza mwishoni mwa Disemba. Hoteli zianze sasa kupanga idadi ya watu kwa miaka hiyo.

Sikukuu weka daftari. Aliyefanya kazi Idd el Fitri asipangiwe Idd el Haji, na walio Wakristo wapate Krismasi au Pasaka kwa utaratibu huo huo.

Kisha masika. Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza watu, na wengi huipata habari hiyo wiki ya mwisho ya Machi. Mtu asiyejua kama Juni atarudi, ari yake huisha Februari, msimu ungali moto, kwa sababu ameshaanza kutafuta pengine. Toa barua mwanzoni mwa Februari yenye tarehe ya kusimama, tarehe ya kurudi na malipo ya kipindi hicho, kwa makubaliano yaliyotiwa saini. Ukiwapa watu 12 posho ya 150,000 kila mwezi kwa miezi miwili, umetumia 3,600,000. Ukiwapoteza wanane kati yao, kwa hesabu ya 485,400 iliyo hapo juu, umetumia zaidi ya 3,880,000 na unaanza msimu na wageni wa kazi. Miezi hiyo pia ndiyo ya mafunzo ya lugha, huduma ya kwanza na marekebisho ya majengo, na ndiyo ya likizo za mwaka.

Kuzungumza na mtu

Ukimuuliza mfanyakazi kama anaridhika na kazi, atakujibu Alhamdulillahi, na hutapata kitu. Uliza mambo yanayojibika: Wiki iliyopita kipi kilikukwamisha? Kazi gani unaifanya ambayo huoni haja yake? Ungepanga wewe zamu, ungebadilisha nini? Dakika 20 kwa kila mtu mara moja kwa miezi mitatu zinatosha, wewe ukiandika na yeye akiona unaandika. Ndani ya siku saba mjibu: hili tumelifanya, hili haliwezekani kwa sababu hii. Kuuliza bila kujibu kunashusha ari kuliko kutouliza kabisa.

Kosa lisemwe chemba. Kumfokea Bi fulani mbele ya wageni au wanafunzi ni kumvunjia heshima, na atarudi kazini mwili tu. Sifa isemwe hadharani, ikitaja jambo lenyewe: "Jana usiku umeme ulipokatika, ulizunguka na taa vyumba vyote kabla mtu hajapiga simu." Sifa ya jumla hupita sikioni.

Na mpe mtu mamlaka. Mhudumu wa mapokezi aruhusiwe kumaliza malalamiko ya mgeni hadi shilingi 50,000 bila kumwita meneja, aandike kwenye daftari, mkague kila Jumatatu. Anza na 20,000 ukiogopa.

Idara za serikali

Mkuu wa idara hapandishi mshahara, lakini ari ya ofisini mara nyingi inauliwa na vitu vilivyo mezani kwake. Barua ya kuthibitishwa kazini inayochelewa, malimbikizo yasiyofuatiliwa, mtu anayekaimu mwaka mzima bila barua, na orodha ya semina na safari inayojaa majina yale yale. Hili la mwisho ni chungu, kwa sababu posho ya safari kwa wengi ndiyo ada ya skuli. Bandika ukutani jedwali la nani amekwenda wapi na lini, na anayefuata ni nani. Mtu asiyehusika na mada asitumwe. Kila barua ya mtumishi iliyokwama iwe na jina la anayeifuatilia na tarehe. Kufuatilia malimbikizo ya mtu mmoja mpaka yakalipwa kutafanya kazi kubwa kuliko semina tatu za motisha.

Kusoma namba baada ya miezi mitatu

Rudia zile namba nne. Linganisha Julai na Julai ya mwaka jana, si Julai na Mei. Bila hivyo utausifu mpango wako kwa kazi iliyofanywa na msimu. Usibadili mambo matano kwa wakati mmoja: mwezi wa kwanza kero za mshahara na zamu, wa pili malengo, wa tatu mgao au motisha. Utoro hushuka kwanza, mara nyingi ndani ya wiki chache. Taarifa za hitilafu hupanda, na hapo wasimamizi huogopa wakidhani mambo yameharibika. Ni watu wameanza kusema tena. Kazi inayorudiwa hushuka polepole. Namba ya wanaoacha kazi inahitaji mwaka, na katika taasisi yenye watu chini ya 20 usiisome kwa asilimia: andika majina, sababu aliyoitaja kila mmoja, na msimamizi aliyekuwa juu yake. Majina yakirudi kwa msimamizi mmoja, anza naye kabla ya kuongeza shilingi popote.